Kilemba cha Gunia

Benchi la mbele ya duka la pembejeo lina miguu mitatu na tofali moja, na asubuhi ile lilikuwa limebeba akili zote za mtaa. Shangazi, muuza kahawa wa hapo, alikuwa na magunia ishirini ya mahindi chumbani kwake, nyuma ya duka. Tangu avune, mahindi yalilala kitandani na yeye kitini. Wadudu wa dumuzi walikwisha kuanza kuyatoboa, bintiye alitakiwa kuripoti chuo cha uuguzi Jumatatu, na lori la mnunuzi lingepita saa sita. Akawauliza wateja wake, kwa upole wa mtu aliyezoea kujibiwa upuuzi: aliuzie lori, au asiliuzie?

Profesa, tarishi mstaafu wa shule, ambaye elimu yote iliyopita mikononi mwake ilikuwa ndani ya bahasha, alimshauri asubiri miezi mitatu bei ipande. Shangazi akataka kujua kama dumuzi nao wangesubiri.

— Dumuzi ni mradi, shangazi yangu, — alisema Profesa, akisogeza kikombe kiongezwe. — Wanunuzi wanawafuga. Wanawaleta kwenye chupa, wanawaachia dirishani.

Waziri hakukubali. Aliitwa hivyo kwa kuwa ana sera ya kila zao na hana hata tuta moja la viazi. Yeye alitaka Shangazi akodi gari apeleke mahindi sokoni mjini mwenyewe. Akaanza kuhesabu gharama kwa vidole: gari, mpakiaji, mshushaji, ushuru wa geti, mlinzi, na yule anayeandika kwamba umewalipa wote hao. Vidole vikamwishia, akaazima vya Profesa.

— Ukirudi na nauli, — alihitimisha, — hiyo ndiyo faida.

Likabaki ghala la ushirika, lililonunua kwa kilo. Hapo hata mahasimu wakapatana. Kilo ni za nyama, walisema. Mkulima wa kweli anauza gunia. Na lori lilitoa pesa nyingi zaidi kwa gunia kuliko ghala lilivyotoa kwa kilo mia za gunia la kawaida. Hesabu gani tena?

Shangazi akakaribia kuridhika. Juzi alikuwa ameshona vilemba, kama alivyofanya kila msimu: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kipande cha wavu juu, kinashindiliwa mahindi mpaka kinatuna kama kichwa cha bwana harusi. Mnunuzi wa lori hakubali gunia lisilo na kilemba. Na lote hilo, kwake, ni gunia moja.

Ndipo akafika mke wa fundi baiskeli, mtoto mgongoni, akitokea kliniki. Alikuwa amefuata kahawa ya mumewe tu. Alisikiliza huku chupa yake ikijazwa, kisha akauliza bila makeke:

— Gunia moja la shangazi lina kilo ngapi?

Waziri akamtazama Profesa. Profesa akatazama ndani ya kikombe.

— Gunia ni gunia, mwanangu, — alisema Profesa.

— Huyu ana kilo saba na robo, — alisema yule mama, akichomoa kadi ya kliniki. — Imeandikwa hapa. Na wala hatumuuzi.

Shangazi alijaribu kukumbuka ni lini, katika miaka ishirini ya kuuza, aliwahi kuliona gunia lake juu ya mizani. Hakukumbuka. Alichokumbuka ni mikono yake ilivyouma kwa kushindilia.

Honi ya lori ikalia kule kona. Profesa akanyoosha kikombe cha tano. Shangazi akaitazama birika, akamwaga kahawa iliyobaki juu ya makaa, mkaa ukafoka. Akachukua kisu cha kufungulia pakiti za kahawa na kuingia ndani. Punde wakasikia kamba za vilemba zikikatika, na mahindi yakimiminika sakafuni.

— Mwambieni dereva asubiri, — sauti yake ikatoka chumbani. — Na kama ana haraka, ashuke na mizani.