Kadi ya Katibu Haionekani

Scholastika alikuwa akimenya muhogo kando ya jiko lake la kahawa, kijiweni Nachingwea, binti yake Beatrisi, karani wa chama cha korosho, alipofika amenuna. Kompyuta ilihitaji tundu la pili la kuchomekea waya wa mzani mpya. Kadi ya kuongeza matundu imechomekwa, lakini haionekani kwenye kompyuta. Kesho wakulima wanaleta korosho, na mwenyekiti kasema ikishindikana ataleta karani mwingine kutoka Masasi. Scholastika alisikia, akachukua muhogo mwingine. Katibu Swalehe, aliyeichomeka kadi mwenyewe, alikuwa benchini na kikombe chake. Baiskeli yake ya mwaka juzi ilisimama pembeni, bado imevaa nailoni ya dukani.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema Kipriani, fundi baiskeli waliyemwita Injinia.

— Tuifunge kamba kompyuta?

— Ipeni muda izoee, Katibu.

— Si muda, alidakia Adinani Redio kutoka upande wa pili wa benchi. Kadi imezoea umeme wa Ulaya. Haba na haba hujaza kibaba. Muwe mnawasha na kuzima.

— Nimewasha na kuzima mpaka kidole kinauma, alisema Beatrisi. Namba ya tundu nimeiweka sawa. Mashine inasema hakuna kitu.

— Na mimi nimeikandamiza mpaka ikalia kwach! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Nani kakusifu, Katibu?

Kipriani akashusha sauti.

— Mzani unajua mchanga uliomo kwenye magunia. Umekataa kutoa ushahidi.

Wakacheka. Beatrisi hakucheka. Ndipo akapita Mwamina, jirani yao.

— Katibu, ule mfuko wa kung'aa uliokuja na kadi uko wapi? Nataka nikatunzie mbegu za ufuta.

Swalehe akaitazama baiskeli yake.

— Katibu, alisema Beatrisi, umeichomeka na nguo zake?

— Vumbi la korosho lile, mwanangu. Nilitaka ibaki mpya.

Beatrisi alikuwa ameshainuka. Katibu akamfuata, kahawa kaiacha.

Giza lilipoingia Scholastika alitenga muhogo na kisamvu. Mumewe alikuwepo, mwanawe Lukasi alikuwepo. Akangoja, mkono juu ya mfuniko. Beatrisi akaingia, akaweka mkekani mfuko uliochanika.

— Wa Mwamina huo, wa mbegu zake.

— Na mzani?

— Unasoma. Tumempima Katibu.

Scholastika akafunua sufuria.

— Nawa mikono. Tumetimia.