Barua Niliyoinyoosha

Vuta kiti, kifungua mimba wangu, na wewe kitinda mimba acha kwanza hayo masanduku, yatafungwa tu. Daktari amenipa siku chache, na kwa jinsi ninavyoijua pumzi yangu nadhani amenipendelea. Msinikatize, wanangu, kwa maana nikisimama sina hakika kama nitaanza tena. Mwezi ujao kanisa letu linamtuma huyu binti ng'ambo kufundisha na kuhubiri, na wewe kaka yake ndiwe katibu wa kamati ya umisheni, kiti nilichokikalia mimi miaka ishirini na sita. Barua zake zitapita mikononi mwako. Hilo ndilo linaloniweka macho.

Desturi mnaijua. Jumapili ya kwanza ya mwezi katibu husimama chini ya ramani ya dunia iliyochomwa pini, pini moja kwa kila mmisionari wetu, akasoma barua zilizofika. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na sauti isiyotetemeka. Lakini hakuna barua iliyosomwa kama ilivyoandikwa. Tuliita kunyoosha barua, kama mtu anyooshavyo shati kabla ya ibada: malalamiko yanatolewa, ugomvi wa wamisionari wao kwa wao unatolewa, malaria inakuwa uchovu kidogo, na kanisa lenye waumini wanne linakuwa kundi linalokua. Tulisema washarika wakivunjika moyo wataacha kuomba na kutoa, na watakaoumia ni wale walioko huko. Hoja ilikuwa nzuri. Ndiyo maana ilitudanganya muda mrefu.

Sasa mama yenu mdogo, yule mkunga mnayemjua kwa picha. Siku ya kuagwa alinishika shavu mbele ya watu akasema, "Shemeji, ukisoma barua zangu usiniongezee utakatifu, nisije nikafika mbinguni mkashindwa kunitambua." Kanisa zima lilicheka, nami nikacheka.

Alipelekwa kwenye nchi ya milima na baridi. Simu hazikuwapo huko, na barua zote zilikuja kwenye sanduku la posta la kanisa. Mwaka wa nne ikafika moja, Ijumaa asubuhi. Fundi seremala, aliyekuwa mjumbe wa kamati, ndiye aliyeitoa posta, na tuliisoma pamoja ofisini. Aliandika hivi, naijua kwa moyo: "Nimekohoa damu mara tatu. Wenyeji wananitunza kuliko ninavyostahili, ila hospitali iko mwendo wa siku mbili. Naomba mniite nyumbani. Msiniombee tu, nitumieni tiketi. Nimechoka na ninaogopa."

Jumapili ile tulikuwa tunawawekea mikono vijana wawili waliokuwa wanakwenda ng'ambo, na mama zao wangeketi benchi la mbele. Fundi alipoondoka nikavuta mashine ya chapa, nikaandika: "Kifua kinanisumbua kidogo, lakini hapa nilipo ninatosheka." Neno hilo la kutosheka hakuliandika yeye. Nilitunga mimi, na niliipenda ile sentensi; niliibadilisha mara mbili mpaka ikakaa sawa. Nilikusudia kuipeleka barua yenyewe kwenye kamati baada ya sherehe. Mchungaji akasafiri, kikao kikaahirishwa, mimi nikawa na mitihani ya kusahihisha. Zikapita siku arobaini na moja. Barua iliyofuata ilikuwa na mwandiko wa mtu mwingine, na ilisema wamemzika juu ya kijiji, mahali pakavu.

Fundi alikuwa ameniambia mlangoni Jumapili ileile: "Katibu, hiyo barua umeipiga randa mpaka umetoboa ubao." Baada ya msiba alitaka kusema mbele ya kamati, nami nikamwahi, nikawaambia wazee kwamba ni mtu wa fitina, ana wivu na waliosoma. Wakamwondoa. Tangu hapo tumesalimiana kama watu waliokutana stendi. Mlikuwa mkiniuliza kwa nini simpendi. Nilikuwa namwogopa. Angeweza kuniumbua siku yoyote, na alinyamaza kwa kumhurumia mama yenu, si mimi.

Maana mama yenu aliniomba barua ya mwisho ya mdogo wake, nami nikampa niliyoichapa. Akaibusu. Akaomba maneno yale yachongwe kwenye jiwe la ukumbusho, likabandikwa ukutani mwa kanisa, na kwa miaka kumi na tisa nimeimba nyimbo za sifa chini ya uongo wangu mwenyewe.

Subirini kidogo. Maji. Inatosha.

Mngedhani yameishia hapo. Mama yenu aliugusa ule uvimbe tumboni mwake miaka miwili kabla hajatuambia. Nilipomuuliza, "Mke wangu, mbona ulinyamaza?" alinitazama kama mtu anayeuliza jambo la kitoto. "Mdogo wangu alikohoa peke yake huko kwenye baridi na akasema anatosheka. Mimi niko kwangu, nina wewe. Nilalamike nini?" Daktari akasema tungemleta mapema, angalau mwaka mmoja, huenda angepona. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye kuficha alifundishwa, na mwalimu wake ndiye mimi niliyekuwa nimeshika mkono wake. Hata pale sikumwambia. Nilikuwa na wiki tisa za kumwambia. Alikufa akiitegemea sentensi yangu kama mkongojo, na mimi nikamwacha aanguke nayo.

Majuto ni mjukuu, nami sitaki niwaachie mjukuu huyo mumlee. Mwanangu, usitazame chini. Mwezi uliopita nilikusikia ukisoma barua ya yule mwalimu aliyezika mtoto wake huko. Ulisoma kwamba familia imepitia majaribu. Majaribu! Mtoto alikuwa na jina. Usiniambie "lakini baba". Hizo lakini ninazo kabatini za kukutosha. Kama huwezi kusoma barua nzima, barua ya dada yako na ya kila mtu, jiuzulu kabla hajapanda ndege.

Simzuii kwenda. Wito ni wake, si wangu, na kazi wanayoifanya kule ni njema. Nimewaona watu waliosaidiwa nayo.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, na isiuzwe wala chumba cha huyu binti kisipangishwe maadamu yuko ng'ambo. Cha mama yenu mdogo tulikipangisha kwa wengine mwaka wa pili wa safari yake. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini hiyo ngama lazima iwepo. Vitabu vigawaneni bila kelele. Barua yenyewe iko kwenye droo ya meza yangu, ndani ya bahasha yake. Isomeni siku ya maziko yangu, yote, kabla ya mahubiri, na baada ya hapo jiwe lile liondolewe ukutani. Msikubali mchungaji awaambie kwamba wakati haufai. Nendeni kwa fundi seremala, nyote wawili, mumwombe msamaha kwa niaba yangu kabla sijazikwa. Akiwafukuza, itikieni, mrudi kesho yake.

Nimechoka. Sogezeni vichwa. Huu mkono hauinuki, basi... uinueni nyinyi. Hapo.

Mungu akupe masikio, mwanangu, na akuondolee kupenda maneno mazuri. Awe nawe, binti yangu, njiani na... na huko ufikako, akupe majirani wema. Akupe... ngoja. Ukiumwa, andika unaumwa. Ukiogopa, andika. Hakuna atakayekudharau, na akikudharau, rudi hivyo hivyo.

Umesikia? Usitikise kichwa, sioni vizuri. Sema. Kwa sauti, mama, nisikie.