Chumba cha Jasho

Kijiwe cha kahawa cha Segese kilikuwa na kelele asubuhi hiyo, na kelele zote zilihusu mwili wa Boaz. Tangu duara, shimo la kuchimbia dhahabu, limfukie na wenzake kumfukua akiwa hai, mgongo wake ulikuwa umekakamaa na usingizi haukumjia. Wenzake walichanga wampeleke Kahama mchana huo, kwenye sauna mpya ya Nyahanga yenye vyumba vitatu vya kutokwa jasho: cha mawe, cha mvuke na cha taa. Ilibaki kuchagua tu. Boaz hakuulizwa.

— Mawe, alisema Masalu, ambaye kwa kuendesha mashine ya kusaga mawe aliitwa Karasha. Jiwe ndilo lililomvunja, jiwe ndilo litakalomnyoosha.

— Acha ujinga, alijibu Eliya muuza mitishamba, waliyemwita Dokta. Huyu anataka mvuke. Unaingia mpaka kwenye mfupa, vumbi lote la mgodini linatokea unyayoni.

— Unyayoni? Wewe ulisomea ng'ombe?

— Nilisomea watu wasiosikia, kama wewe.

— Taa ndiyo ya kisasa, alidakia Marcel, dalali wa dhahabu. Inapenya mpaka ndani. Ukikaa sana unaliona ini lako.

— Ukishaliona ulifanye nini, Marcel? Ulipeleke sokoni? aliuliza Karasha.

Boaz alikibana kikombe mkononi. Siku ile ya duara walikuwa hawahawa. Karasha aliapa kwamba kuta ni imara, Marcel akamwambia ashuke tu, dhahabu iko karibu.

— Siendi, alisema Boaz.

— Utaenda, ng'wanawane, mwanangu, alisema Dokta. Watu tumechanga. Unataka kutuaibisha?

— Mwanaume mzima anaogopa joto, alisema Karasha. Kwani kule chini kulikuwa na baridi?

Boaz alikiweka kikombe chini. Si joto alilokuwa akiliogopa.

Mariana, mke wa fundi cherehani aliyehamia juzi, alikuwa amekuja na chupa yake kujaziwa kahawa, mtoto mgongoni. Alisubiri wanyamaze kidogo.

— Shikamooni. Samahani, nauliza tu. Hicho chumba, mtu akiwa ndani, mlango anaweza kuufungua mwenyewe?

Karasha alimtazama Dokta. Dokta alimtazama Marcel. Marcel akainamia simu yake.

— Jibuni, alisema Boaz kwa hasira. Dada kauliza mlango.