Bwana Aliufungua Mguu Wangu wa Kulia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena! Asifiwe na nyie mliokaa kule nyuma karibu na mlango, maana najua baridi ya leo imewafunga midomo.

Kamwene, ndugu zangu. Mimi ni Mama Tula wa Kifanya, mjane wa marehemu Zakaria. Wiki iliyopita nilimwambia mzee mmoja wa kanisa kwamba nina ushuhuda. Akauliza, "Umepona nini, mama?" Nikamwambia, "Mzee, gari langu limeacha kunywa petroli kama zamani." Akanitazama, akasema, "Huo si ushuhuda. Hilo ni jambo la gereji." Nilimheshimu, sikujibu. Lakini leo nimesimama, kipaza sauti ninacho mkononi, na nitalisema. Mungu aliyenitoa kwenye shida hakuniuliza kwanza kama shida yangu ina hadhi ya kuletwa madhabahuni!

Zakaria alipolala aliniachia watoto, shamba la parachichi, na kile kigari cheupe cha buti pana. Gari hilo ndilo lililokuwa mikono yetu. Lilipeleka parachichi na kabichi Makambako, likarudi na abiria wawili watatu, na watoto wakaenda shule. Mimi sikujua kuendesha. Aliyenifundisha ni shemeji yangu Fanuel, mdogo wake Zakaria, anayekaa Makambako na kuendesha malori ya mbao. Alinifundisha kwa moyo mweupe, simsemi vibaya. Lakini alinifundisha gari dogo kama anavyoendesha lori lililojaa magogo. "Kanyaga, shemeji! Gari ukilibembeleza linakuzoea!"

Nikakanyaga. Kutoka tuta hadi tuta nilikuwa naruka kama mbuzi aliyekata kamba, kisha breki, kisha nakanyaga tena. Gia ya pili niliing'ang'ania hadi injini inalia. Asubuhi za mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, nilikuwa nawasha gari linanguruma uani hadi watoto wamalize uji, kwa sababu niliambiwa gari la Njombe sharti lipashwe moto kama chai.

Ndugu zangu, gari lilikunywa! Mafuta yale yale ambayo Zakaria alikuwa akienda nayo Makambako na kurudi mpaka nyumbani Kifanya, mimi wakati wa kurudi yalinifikisha kwenye kilima cha kuingia Njombe, hapo linakohoa na kuzima. Wala si mara moja. Nimelisukuma gari lile kwenye mvua, kitenge kimelowa mpaka kiunoni, abiria wakishuka mmoja mmoja na kunisonya.

Maneno yakaanza. Jirani yangu akasema, "Ni Zakaria anakunywa humo. Hakuridhika kufa." Watu waliopika chakula kwenye matanga yake ndio waliosema hivyo! Nikafunga, nikaomba. Akaja mhubiri mmoja mpitaji, akapaka boneti mafuta ya upako mpaka rangi ikang'aa. Maombi nayaheshimu, ndiyo yaliyonisimamisha hapa. Lakini nasema bila kuogopa: mafuta aliyoyapaka juu hayakuyasaidia mafuta ya ndani.

Fanuel naye kila tukionana alikuwa na neno moja: "Niachie mimi hilo gari, shemeji. Parachichi zako nitakubebea nikipata nafasi." Nikipata nafasi! Mnajua parachichi lililoiva linavyomsubiri mtu apate nafasi.

Sasa sikilizeni siku niliyokaribia kuua. Pale stendi mtu mmoja aliniambia, "Mama, mteremko ni bure. Zima moto, acha gari liserereke." Nikaona nimepata mkombozi. Nikatoka Njombe na mzigo, nilipofika mteremkoni nikatoa gia, nikazima moto. Gari likanyamaza, likaanza kukimbia lenyewe. Mwanzoni nilifurahi! Kisha usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Nikashika breki, ikashika kidogo. Nikashika tena, mguu ukagota kama nimekanyaga mwamba. Na mbele yangu, kwenye kona, akina mama watatu wenye kuni kichwani.

Nikapiga kelele, "Yesu!" Sijui mkono wangu uliufikiaje ufunguo. Injini ikashika, breki ikarudi, nikasimama pembeni, tairi moja kwenye nyasi. Mama mmoja alikuwa ametupa mzigo wake na kurukia mtaroni. Nilingoja anitukane. Akasema tu, "Pole, mama," nikalia kama mtoto.

Mchana ule ule nikampigia Fanuel. "Njoo uchukue gari. Nimeshindwa."

"Nilikuwa nangojea useme hivyo," akajibu. "Sasa fanya hivi. Kesho mama Subira anatoka hospitali hapo Njombe, na mimi nina mzigo wa mbao. Mlete nyumbani Makambako, na funguo uache hapo hapo."

Mama Subira ni mke wake, Lea. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Kesho yake nikaweka mafuta kiasi kile kile cha siku zote, nikampokea mlangoni mwa wodi akitembea ameinama, mkono tumboni, muuguzi amembebea mtoto. Nikawasha, nikaondoka kama nilivyofundishwa. Hata getini hatujafika vizuri, Lea akapiga yowe.

"Dada! Ukishika breki nasikia mshono unafunguka!"

"Pole, mdogo wangu. Nifanyeje?"

"Sijui. Usishike breki."

Usishike breki! Na Njombe yote ni vilima na matuta! Nikasema moyoni, Bwana, nifundishe wewe, maana waliokwisha kunifundisha wamenifikisha hapa.

Wapendwa, sikusikia sauti. Nilichopewa ni macho. Nilianza kutazama mbali. Nikiona lori linajikokota kule mbele, naondoa mguu mapema, gari linapungua lenyewe. Tuta naliona lingali mbali, naliendea bila kukanyaga, nafika gari limeshapoa mwendo. Nikaondoka taratibu na kupanda gia kabla injini haijalia, kwa sababu hata kurushwa mbele kulimuumiza. Mteremkoni sikuzima moto wala sikutoa gia. Niliacha injini yenyewe ilishike gari, mguu wangu ukiwa umepumzika. Tukapita kwenye mashamba ya chai ya Kibena mtoto hajaamka. Baadaye Lea naye akasinzia, nami nikawa naimba pole pole peke yangu.

Tulipofika Makambako nikatazama mshale wa mafuta. Siku zote hapo unakuwa umelala. Siku ile ulikuwa umesimama! Nikagonga kioo kwa kidole, nikidhani umekwama. Haukukwama, ndugu zangu. Haleluya!

Fanuel alirudi kula mchana, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. Akanyoosha mkono. "Funguo."

"Siziachi, shemeji."

"Si ulinipigia mwenyewe?"

"Nilikupigia nikiwa na hofu. Leo sina."

Nikamweleza habari ya mshale. Akacheka mpaka akakaa chini. "Umebeba mgonjwa na kichanga, halafu unasema gari limefanya kazi?"

Lea akajibu kutoka kitandani. "Baba Subira, ungenichukua wewe ningefika nimeshika matumbo mkononi. Mwache dada na gari lake."

Fanuel akasema, "Haya. Siku ya soko pakia parachichi zako, nami nitakaa kiti cha pembeni. Likikauka njiani, gari ni langu."

"Na likifika?"

"Likifika tutaongea."

"Hapana, shemeji. Likifika, hutalitaja tena."

Nikarudi nyumbani, nikalifungua gari lote. Nilitoa vyuma vya zamani, turubai lililojaa maji, mabaki ya mfuko wa saruji uliogeuka jiwe, na ile keria ya juu tusiyoitumia, inayopiga mluzi kwenye upepo. Vyote hivyo nilikuwa navisafirisha kwenda na kurudi kama wageni wa heshima! Matairi niliyaminya, laini kama maandazi. Nikaenda kujaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni mwa gari, maandishi niliyoyapita miaka yote.

Siku ya soko Fanuel akaja Kifanya, akapanda. Tukaweka mafuta Njombe kiasi kile kile, yeye mwenyewe akisimamia. Na ndugu zangu, mtu yule aliendesha safari nzima kwa mguu wake! Alikuwa anakanyaga sakafu.

"Kanyaga, lori linatupita!"

"Lipite."

"Watatucheka!"

"Wacheke."

"Kilima hicho, rudi gia ya pili!"

"Injini bado ina nguvu, shemeji. Kaa na miguu yako."

Tuliuza Makambako, tukapakia abiria, tukageuza. Tulipokikaribia kile kilima cha kuingia Njombe, Fanuel akainama kuutazama mshale. Nikashika mwendo mmoja, sikuongeza kwa hofu wala kwa sifa. Gari likapanda. Lilifika pale lilipozoea kukohoa, halikukohoa. Likapita stendi, likapita soko, likashika njia ya Kifanya mpaka uani kwangu!

Fanuel akashuka, akaipiga boneti kwa kiganja, akasema, "Haya." Basi. Tangu siku hiyo hajalitaja gari langu. Malori yake anaendesha vile vile, hilo namwachia Mungu. Lakini mkewe akitaka kuja Njombe, hunipigia mimi.

Sasa nina maneno kwa wanaosema. Jirani yangu, Zakaria hanywi petroli. Mwache alale! Na vijana wa stendi ya Makambako wanaoniita Mama Jeneza, eti naenda kama nimebeba maiti, nawaambia hivi: nimeshasindikiza maiti ya mume wangu, na sitaki kubeba nyingine kwa sababu ya haraka. Hao wanaonipita kwa fujo nawakuta kwenye tuta linalofuata, wakipumua moshi. Asubuhi nikiwasha gari naondoka, nalo linapata joto njiani kwa mwendo wa upole, uji watoto wanakunywa kabla. Nikimngoja abiria, nazima. Watoto wangu wako shuleni. Parachichi zangu zinafika hazijapondeka. Sikuuza gari. Sikutoa funguo!

Namshukuru Mungu aliyewaokoa wale akina mama wa kuni kutoka mkononi mwangu. Namshukuru kwa maumivu ya Lea, maana ndani ya maumivu yale alinionea huruma mimi.

Nawe ndugu yangu, uliyeambiwa ukiachie kilicho chako kwa sababu wewe hukiwezi: mtumaini Bwana, kisha kikalie mwenyewe, utulie, utazame mbali. Akina mama wenye leseni na woga, baada ya ibada gari liko hapo nje, njooni tuzunguke nalo. Na ninyi mtakaonikuta barabarani kesho, pigeni honi mpaka betri iishe. Mguu huu umefunguliwa. Siongezi mwendo!