Namba Sabini na Nne Anasimamaje

Benchi letu ni la kanisa. Wabaptisti waliponunua viti vipya vyenye mito, hili refu wakalitupa uani, nami nikalibeba peke yangu mgongoni mpaka mbele ya duka la matairi la Purvis. Wapo watakaokuambia tulilibeba watu wanne na tukapumzika njiani. Wana wivu. Hapo ndipo tunapokaa asubuhi, hapa Tuckett, Alabama, na Jumamosi ile ya Oktoba ukungu ulikuwa umelala barabarani hata miguu yetu hatuioni. Magari yalipita polepole, taa zimefifia, kama yanaota. Chupa ya kahawa ilikuwa katikati, na karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa karatasi. Mimi naitwa Redio, kwa ajili ya sauti yangu nzuri. Kulia kwangu alikaa Bawaba, fundi milango. Kushoto Askofu, ambaye hajawahi kuwa hata shemasi ila ana koti jeusi. Na mwisho kabisa wa benchi alikaa Harlan Tidmore, tunamwita Kimya, simu ameiweka pajani, anaiangalia kama kuku anavyoangalia yai.

Mwanawe, Wade, anachezea Chuo cha Calloway mpira wetu wa Kimarekani, ule wa mikono, na yuko kwenye ukuta. Ukuta ni wale majitu watano wanaoinama mbele ya mrushaji, wanagongana na watu mchana kutwa, na mpira wenyewe hawaugusi, isipokuwa yule wa katikati anayeupitisha miguuni kwenda nyuma. Wade ni namba sabini na nne. Miaka yote amesimama mwisho wa kushoto, analinda mgongo wa mrushaji, na hapo pembeni ndipo penye heshima. Jana jioni kocha kamwambia: kesho unahamia katikati, hutaki basi kaa benchi.

— Atapiga wakishakula, Kimya akasema. Anataka nimwambie mimi. Akubali, au afungashe arudi nyumbani.

— Arudi nyumbani kisa hatua mbili kwenda kulia? Bawaba akashangaa.

— Analia, Bawaba. Jana alikuwa analia kwenye simu. Sijamsikia akilia tangu mama yake azikwe.

Askofu akamwongezea Kimya kahawa bila kuombwa.

— Sikiliza, Askofu akaanza. Mtoto ana mikono mirefu, na mikono mirefu ni ya pembeni. Kule wapinzani wanakuja mbio kwa nje, mtu anazunguka kama kimbunga, unamnyooshea mkono kifuani kabla hajakunyooshea wewe, kazi imekwisha. Katikati wanakaa watu wafupi wa kifua, kama majiko. Kocha haoni.

— Mikono, mikono! Bawaba akatema ganda la karanga. Kuzuia mtu ni nyonga, bwana. Mimi nimefunga milango nusu ya wilaya hii. Mlango haushindani na upepo kwa ubao, unashindana kwa bawaba. Ukunje magoti, ushushe makalio kama unataka kukaa halafu umekumbuka kiti hakipo. Mtu akija kwa nguvu, unamzungusha tu, anapita kando mwenyewe anashangaa.

— Mbona mlango wa mama mkwe wako hauzunguki?

— Ule ulivimba na mvua, Askofu! Nimekwambia mara ngapi?

— Na mama mkwe naye alivimba na mvua?

— Basi nimwambie nini? Kimya akauliza.

Nikaona sasa wanahitaji mtu anayejua.

— Kaka, nikamwambia, wewe mwambie akubali. Katikati ndiko kwenye kazi ya wanaume. Mkono mmoja una mpira, unabaki na mmoja wa kupigania. Unatoa mpira na mguu unaondoka hapohapo, ukichelewa kwa kupepesa jicho tu, umelala chali unahesabu mawingu. Najua ninachosema. Mimi nilimzuia dume la nguruwe la Crenshaw kwenye uchochoro, kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ndoo ya maziwa. Halikumwagika tone.

— Nguruwe huyo mwaka jana alikuwa jike, Bawaba akasema.

— Na wakati wa Pasaka alikuwa mbuzi, Askofu akaongeza.

— Anakua! Kwani wanyama hawakui? Halafu alikuwepo mtu mmoja amesimama kwenye ua, kofia kichwani, anaandika. Mwaka uliofuata ukuta wote wa Calloway ukawa unakaa kama mimi nilivyokaa siku ile, mguu huu nyuma, kisigino juu. Sikudai kitu. Mimi si mtu wa kujisifu.

Ukungu ukazidi kuwa mzito. Taa ya barabarani pale ng'ambo, iliyosahauliwa bila kuzimwa, ikawa mwezi. Hata sauti zetu zikawa zinatoka mbali, kana kwamba waliokuwa wakizungumza ni watu wengine, kwenye benchi lingine, upande wa pili wa barabara.

Askofu akafumba macho.

— Nyinyi wote mnazungumzia nguvu. Nguvu ya nini? Nimewatazama hawa watu miaka mingi. Mzuiaji wa kweli anampumulia mwenzake. Anavuta pumzi naye, anatoa naye, mpaka yule wa mbele anasahau alikuja kufanya nini. Anaanza kukumbuka jikoni kwao, harufu ya mikate, dada yake anapiga kinanda. Mpira unarushwa, yeye kasimama tu, mikono imelegea. Mtu umembembeleza. Hajui hata kama amezuiwa.

— Wee! Kwa hiyo tumtafute kocha anayejua nyimbo za kulazia watoto?

— Nakwambia, Redio. Wakati mwingine naviona vile vita vyao vyote pale mbele kama usingizi wa watu kumi wanaoegemeana.

Na Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo hata mimi niliviona hivyo. Majitu kumi ndani ya ukungu, vipaji vya nyuso vimegusana, wanapumua taratibu kama ng'ombe alfajiri.

— Basi nimwambie nini? Kimya akauliza mara ya pili. Mnasikia lakini? Atapiga sasa hivi.

Ndipo akatokea Ligaya. Ni muuguzi mgeni, katoka Ufilipino kiangazi hiki, amepanga chumba juu ya duka la Purvis. Alikuwa anatoka zamu, viatu vyeupe vikitangulia kutoka kwenye ukungu, kisha yeye mwenyewe. Tukasogeana, tukampa nafasi na kikombe.

— Mbona leo mmenuna, wazee wangu?

Bawaba akamweleza yote: ukuta, pembeni, katikati, simu. Ligaya akasikiliza huku akipuliza kahawa.

— Mimi mpira wenu huu siuelewi, akasema. Ila Jumamosi iliyopita mlikwenda wote uwanjani, si ndiyo? Mlirudi mmejipaka rangi usoni.

— Tulikwenda! nikasema. Tulishinda dakika ya mwisho. Mrushaji aliurusha kutoka hapa mpaka benki ile, mkimbiaji akaudaka kwa vidole viwili, mguu wake mmoja ndani ya mstari!

— Vizuri. Na Wade alifanya nini?

— Lini?

— Hapo hapo. Wakati mpira unarushwa. Alimzuia nani? Alisimamaje?

Nikamtazama Bawaba, Bawaba akamtazama Askofu, Askofu akafumbua macho.

— Alikuwa... pale kushoto, Bawaba akasema.

— Alikuwa pale, nikaunga mkono.

— Alipiga mkono? Alizungusha? Alimbembeleza mtu? Ligaya akauliza, bila dhihaka hata kidogo. Alitaka kujua tu.

Hakuna aliyejua. Sisi, watu wa ukuta wa mji huu, wenye nadharia zilizokomaa kuliko chupa ya kahawa ya Purvis, tulikuwa tumetazama mpira. Kila Jumamosi. Mpira ukienda juu, macho yetu yanakwenda juu nao. Ukiwa mikononi mwa mkimbiaji, tunakimbia naye. Polepole, kama watu walioelewana, tukageuza shingo kumtazama baba mtu mwisho wa benchi.

Kimya alikuwa amefunika uso kwa kiganja.

— Misimu mitatu, akasema. Naenda kila mchezo. Naujua mpira ulikokwenda kila siku.

Simu ikalia pajani mwake. Aliiacha ilie kidogo, kisha akaipokea, na kwa kuwa Kimya ni mtu wa sauti ndogo tukaacha hata kutafuna.

— Mwanangu. Ndiyo. Umekula? Sawa. Sikiliza, sijui. Hapana, sikiliza kwanza. Sijui kwa sababu sijawahi kukutazama. Nilikuwa nakuja, lakini nilikuwa natazama mpira, kama watu wote. Basi kabla sijakwambia lolote, hebu niambie wewe. Ukisimama, mguu gani unauweka nyuma?

Akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesimuliwa nchi asiyowahi kufika. Mara akasema "ehe," mara "na mkono je?" Kahawa yake ikapoa. Mwisho akasema:

— Simama popote utakapotaka, mimi leo macho yangu ni yako.

Akakata. Hatukumwuliza kijana kasema nini. Hata mimi.

Mchana tukapanda gari lake la mizigo, Ligaya akabaki kulala. Njiani tukaapishana, na Askofu kwa koti lake akasimamia kiapo: mtu yeyote atakayeutazama mpira atarudi Tuckett kwa miguu. Namba sabini na nne akatoka, akatembea taratibu mpaka katikati ya ukuta, akainama, akauweka mkono juu ya mpira. Na kuanzia hapo, nakwambia kweli, mchezo mzima uliondoka duniani. Maelfu ya watu walipiga kelele, wakanyanyuka, wakakaa, matarumbeta yakalia, nasi tulikuwa tumekaa wanne ndani ya ukimya wetu kama chini ya maji, tunatazama mgongo mmoja mpana ukiinama na kuinuka, ukiinama na kuinuka.

Jumapili tukitoka kanisani tulimkuta Ligaya ameshakaa benchini, kajimiminia kahawa.

— Nimesikia mmeshinda! Kule wodini wanasema bao la mwisho lilikuwa la maajabu. Alifunga nani?

Nikamtazama Bawaba. Bawaba akamtazama Askofu.

— Alikuwa... mmoja wao, Askofu akasema.

— Alikimbia au alirushiwa?

— Dada, usitutie majaribuni, nikasema.

Kimya aliweka kikombe chini, akavua koti lake la kanisani, akamkabidhi Ligaya. Akasogea mbele ya duka la matairi, goti lake bovu likalia, akainama mpaka ngumi ikagusa lami, mkono mwingine akaulaza juu ya mpira usiokuwepo. Suruali ya Jumapili ikamkaza. Gari likapita likapunguza mwendo.

— Sasa angalia, akamwambia. Mguu wa kulia. Angalia unavyoondoka.