Kipande cha Nailoni Katika Njia ya Kilosa

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe asubuhi hii. Mnanifahamu. Nilikuwa mkaguzi wa shule, na katika viti hivi nimesikiliza shuhuda nyingi huku nikijiuliza ni nani aliyekuwapo kuzithibitisha. Kwa hiyo nitasema yale tu niliyoyaona. Shahidi wangu ni mke wangu, Mama Rehema, aliyeketi safu ya pili.

Miaka mitatu ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimfunga macho yote mawili. Alitembea nyumbani mwetu kwa kupapasa kuta. Shamba letu liko kwenye tambarare kati ya Mikumi na Kilosa, na wakati wa masika hakuna gari linalofika huko. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipotuletea kila kitu ndani ya maboksi, nami kwa kiinua mgongo changu nikanunua pikipiki ya magurudumu manne, ya bei nafuu, kutoka ng'ambo. Ilikuja vipandevipande katika kreti la mbao, na kitabu cha maelekezo kwa maandishi nisiyoyajua. Nilifuata picha.

Siku sita niliiunga barazani. Mama Rehema aliketi mkekani akifuta kila nati kwa kitambaa. Vidole vyake vilijua ukubwa wake kabla yangu. Zilibaki nati mbili zisizo na mahali. Nilizifunga kwenye leso, nikaificha mfukoni. Nilipojaza petroli, niliweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko cha tangi, kama sote tufanyavyo kwenye madumu ya mafuta ya taa, ili isimwagike katika mashimo.

Iliwaka. Baada ya robo saa ikazimika. Nikafungua tangi, nikaona mafuta yapo, nikafunga. Nikasafisha plagi, ile ya kutoa cheche, ikawaka. Nikaandika daftarini: "Plagi imesafishwa. Imewaka." Niliandika hivyo mara nyingi. Majirani walisema tambarare ile ina kitu kisichopenda injini, nami nikawafukuza uani.

Siku moja ya majaribio Mama Rehema, akiwa nyuma yangu, alisema, "Baba Rehema, kila ukifungua tangi, linavuta pumzi. Kama mtoto aliyefunuliwa blanketi."

"Tangi halina mapafu," nilimjibu.



Ndipo ikavuma habari kwamba madaktari wa macho watafika Kilosa kwa siku moja tu. Sikuiamini mpaka nilipoisoma barua yenye mhuri kwenye zahanati. Siku ilipowadia, tuliondoka alfajiri, yeye amejifunga kiunoni mwangu kwa kanga. Ukungu ulikuwa umelala juu ya nchi yote. Milima haikuwa na miguu. Twiga wanne walisimama kando ya njia, nao hawakuwa na miguu, wakatutazama tukielea mbele yao kama watu waliokwisha kusahauliwa.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Majani."

Ndugu zangu, hilo ndilo nililomjibu.

Mashine ilizimika mara mbili, na mara mbili nikaiamsha. Ya tatu niliona jua linapanda, nikaamua kuokoa muda: nisifungue tangi, niende moja kwa moja kwenye plagi. Nilisafisha. Haikuwaka. Nilisafisha tena na tena. Mfugaji mmoja wa makamo akatokea ukunguni na ng'ombe wake na punda mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alikitazama kile kitabu nilichokuwa nimekifungua juu ya kiti. "Punda wangu hajui kusoma," alisema, "lakini anafika."

"Atafika leo?"

"Leo, hapana. Kesho."

Kesho madaktari wangekuwa wameondoka. Nilipiga magoti kwenye tope, mimi nisiyeomba mbele za watu, nikasema, "Bwana, nionyeshe."  Kengele za ng'ombe zilikuwa zikipita polepole, kana kwamba zinapita ndani ya usingizi wangu. Kisha sauti ikaja kutoka nyuma yangu, sauti ya mtu asiyeona.

"Mara hii hukufungua tangi, Baba Rehema. Sijaisikia ile pumzi."

Nilifungua. Tangi likavuta hewa, fyuuu, nami kwa mara ya kwanza nikasikia. Ile nailoni ilikuwa imebonyea ndani kama kitovu, imeziba kitundu cha hewa cha kifuniko, na bila hewa mafuta hayashuki. Nilikuwa nimeinyima mashine pumzi kwa mkono wangu mwenyewe, na daftari langu lote lilikuwa limeisifu plagi bure. Nikaing'oa. Injini ikawaka, wala haikuzimika tena mpaka Kilosa.

Madaktari walimpasua macho siku ile ile, na kesho yake muuguzi alipoondoa bandeji, nilimtoa nje. Aliitazama mashine kwanza.

"Kumbe ni nyekundu. Hukuniambia."

"Hukuuliza."

Kisha akanitazama mimi, muda mrefu. "Na wewe umezeeka," alisema, akanishika mkono.

Tuliporudi nilipunguza mwendo pale walipokuwa twiga. Hawakuwapo. Nikamwambia kwamba walikuwapo, wanne, bila miguu. Hakuniomba uthibitisho, aliamini.

Namshukuru Mungu aliyemfungua mke wangu macho, na kabla ya hapo akanifungua mimi. Ninyi mnaongoja kuona ndipo mtumaini, nami nilikuwa wa kwanza wenu: mtumainini Bwana, na mtu wa nyumbani mwako akikuambia amesikia kitu, zima injini umsikilize. Nailoni yenyewe ni hii hapa, bado imebonyea. Mwenye shaka apite mbele aishike.