Mahali pa Mboga Kungojea

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mtendaji na Ndugu Mwenyekiti wa kijiji. Shehe wetu na Mchungaji wetu, mliokubali kukaa benchi moja kwa sababu mabenchi hayakutosha. Ndugu wageni waalikwa kutoka Lushoto mjini na jijini Tanga. Wanakikundi wenzangu, wazazi na watoto: salaam aleikum, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni Mwanaheri, mjane wa marehemu Abubakari. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nitasema kwa maneno ya nyumbani. Nimeombwa nizungumze kwa kuwa banda tunalolifungua leo limesimama kwenye kiwanja cha marehemu. Lakini najua wengi mmekuja na swali jingine: je, Mama Jafari akimaliza kuzungumza atapanda gari la mwanawe aende kuishi Tanga, au atabaki? Gari mmeliona pale. Na begi langu limefungwa tangu mwezi uliopita. Nitajibu, ila mniruhusu nianzie mbali kidogo.

Sisi wa milimani tunaishi kwa jiji ingawa hatuishi jijini. Kabeji inayokatwa hapa leo jioni, kesho inapikwa Tanga na mtu asiyejua kwamba Mlola yetu hii ipo. Hiyo ndiyo bahati yetu, na tunaishukuru: barabara ikipitika, lori likija, watoto wanavaa viatu. Marehemu alilipenda lile lori. Kila likiondoka na mzigo wetu alisimama barabarani na lile koti lake zito mpaka lipotee kwenye kona, kisha akasema, "Zimeshafika." Nami nikamwambia, "Baba Jafari, hata Soni hapo chini bado hazijafika." Akajibu, "Kwangu zimeshafika."

Lakini lori halina subira, na mboga haina subira. Na sisi tuna desturi yetu, mnaijua: siku ya maziko hakuna anayeshika jembe, hakuna anayebeba mzigo wa biashara, awe Mwislamu au Mkristo.

Mume wangu alifariki alfajiri, mwaka jana, siku ya lori. Mboga za kitongoji kizima zilikuwa zimekatwa jana yake, zimepangwa kando ya barabara. Lori likaja, likapiga honi, likaambiwa kuna msiba. Dereva akazima injini, akavua kofia, akatoa pole, akaondoka mtupu. Alikuwa na haki. Wateja wake wangemngoja mpaka lini?

Mimi haya sikuyajua. Nilikuwa ndani, katika eda, nimekaa na jirani yangu Rukia, yule pale anayejificha nyuma ya mtandio. Siku chache baadaye nikachungulia mlangoni, nikaona mbuzi wamejazana mtaroni kwenye rundo la nyanya.

Nikamuuliza, "Rukia, zile nyanya za nani?"

"Za mbuzi."

"Nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Huoni wanavyokula?"

"Mlishindwaje kupakia?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto. "Mwenzangu, mkono mmoja ushike jeneza, mwingine ushike tenga?"

Nyanya zile zilikuwa za Valentino, Mwenyekiti wetu wa kikundi cha wakulima. Alipokuja kunipa pole, akiwa amesimama uani, nilimwomba radhi. Akasema, "Shemeji, nyanya nitapanda nyingine. Kumzika Abu ilikuwa siku moja tu."

Ndugu zangu, neno kama hilo mtu analilipaje? Mlipoteza mavuno, na hakuna hata mmoja aliyenilaumu.

Eda ilipoisha, alikuja mtu kutoka jijini akitaka kiwanja hiki ajenge nyumba ya wageni. Alikuwa muungwana, simsemi vibaya. Tambarare huku kwetu ni adimu kama nafasi msikitini siku ya Iddi. Mwanangu Jafari akaniambia, "Mama, amua wewe, mimi nipo nyuma yako." Nikaamua mboga zenu zipate mahali pa kungojea. Bwana shamba akatuonyesha namna ya kujenga: waya huku, waya huku, katikati mkaa, na mkaa unamwagiwa maji ili ndani pawe na ubaridi. Mkajitokeza kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wanawake kwa wanaume, mkabeba mawe kutoka bondeni. Rukia alibeba na kulalamika kwa pamoja, na sikujua kipi alikifanya kwa bidii zaidi.

Baada ya hapo Jafari akasema, "Haya mama, kazi imeisha. Sasa uje." Nami nikakubali. Kwa nini nisikubali? Nyumba ya mtu mmoja ina chai inayobaki kila asubuhi, kwa sababu mkono bado unapima ya watu wawili.

Halafu juma lililopita akafariki bibi yetu wa kitongoji cha juu, siku ya lori. Banda lilikuwa bado halijafunguliwa. Nikawaona akina mama, bila kuambiwa na mtu, wanaingiza magunia ya karoti na njegere humu ndani, maana kuhifadhi si biashara, wanamwagia kuta maji, wanajitanda, wanapanda kwenda kuzika. Siku ya pili wakaenda kutoa pole tena. Lori liliporudi, karoti zilikuwa ngumu vilevile, na hakuna aliyekuwa amekosa maziko. Zile kuta siku zilizofuata nilizimwagia maji mimi, maana ndimi ninayekaa karibu. Nilipokuwa nikimwaga nikajikuta nimelisahau begi kabisa.

Jafari, baba, hapo ulipo usiiname. Umenitunza, na mkeo amenitandikia chumba ambacho hata maharusi wangekitamani. Nakushukuru mbele ya watu hawa wote. Nitakuja Iddi, nitakaa mpaka mnichoke. Lakini kuishi, nitaishi hapa, na watu walioacha nyanya zao zioze ili mimi nisizike peke yangu.

Mheshimiwa Diwani, ndugu wageni, nawashukuru kwa kuja na kwa masikio yenu. Na wewe mwanangu, usirudi na gari tupu. Kwenye kiti ambacho ningekalia mimi, mpakizie mkeo kabeji.